Pepo wa Saa Nne Hadi Saa Nane

Katika kitabu kilichoandikwa jangwani Misri miaka zaidi ya 1,600 iliyopita nimezikuta saa zetu. Pepo fulani, anasema mwandishi, humvaa mmonaki saa nne na kumzingira hadi saa nane. Mzungu akifika hapo hana budi apige hesabu, maana saa zake zinaanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu kupambazuka, kama Misri ya enzi zile. Saa nne yao ni hii hii yetu, jua linapoanza kuuma.

Mwandishi ni Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399 huko Kellia, makazi ya wakaa pweke kusini mwa Aleksandria. Pepo huyo anamjua kama mtu anavyomjua mpangaji mwenzake. Kwanza, anasema, jua husimama. Siku inakuwa na saa hamsini. Mmonaki yuko dirishani, mara ametoka mlangoni, akipima jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, saa ya kula. Anaangaza macho huku na huku, pengine kuna ndugu anakuja kumtembelea. Hakuna mtu. Basi chumba kinamchukiza, kazi ya mikono inamchukiza. Anaona upendo umetoweka kati ya ndugu, na kama juzi kuna aliyemuudhi, huyo ndiye anayemjia kichwani. Kuna mahali pengine, kazi nyepesi zaidi; kwani Mungu haabudiwi popote? Hoja hiyo ni ya kweli kabisa, na hapo ndipo penye ujanja. Kisha anakumbuka kwao, na uzee mrefu unaomngoja.

Mtu huyu alishaacha mali, ndoa na mji. Evagrius anaeleza kwamba watu wa duniani hupigwa vita kwa vitu, wamonaki kwa mawazo. Mali huachwa kwa siku moja. Mawazo huja naye jangwani. Akayahesabu manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho (ndiye pepo wetu wa saa nne), majivuno na kiburi. John Cassian aliyafikisha kwa Walatini, Papa Gregori Mkuu akayapanga upya, na huko ndiko vilikotoka vichwa saba vya dhambi tulivyokaririshwa kwenye katekisimu.

Dawa ya Evagrius kwa pepo huyo ni fupi: usitoke chumbani. Lia ikibidi, nusu ya nafsi iibembeleze nusu nyingine. Akishindwa pepo huyu, anaahidi Evagrius, hafuatwi papo hapo na mwingine, unakuja utulivu.

Ninamwamini. Ila yeye mwenyewe alitoroka. Alikuwa shemasi mwenye jina Konstantinopoli, akampenda mke wa mkubwa mmoja. Mwanafunzi wake Palladius anasimulia kwamba aliota amekamatwa, akaapa humo ndotoni kuuhama mji, na alipoamka akapanda meli kwenda Yerusalemu. Huko akarudia kujipamba kwa mavazi, hadi homa ya miezi sita ilipomlaza na Melania, mtawa wa Mlima wa Mizeituni, akambana mpaka akaungama na kukubali kwenda Misri.

Kuondoka kule kulimwokoa, na wanafunzi wake akawazuia wasiondoke. Saa saba mchana, mtu akiwa na mkono kwenye kitasa cha mlango, atajuaje kama anayemwita nje ni pepo au ni ile ndoto ya Konstantinopoli?