Kuripoti Hitilafu ya Programu Huria Pamoja na Jaribio Lake

OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, huendelezwa na wataalamu walio katika nchi mbalimbali. Wengi wao hawaioni kliniki inayoitumia. Kwa sababu hiyo, taarifa isemayo tu kwamba tarehe zinakosewa huwasaidia kidogo, kama vile maabara isivyoweza kupima malalamiko yasiyo na sampuli.

Sampuli ya hitilafu ni jaribio: mistari michache ya msimbo inayoipa sehemu moja ya programu taarifa maalumu na kutaja jibu linalopaswa kutoka. Mathalani, mjamzito ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Juni 2023, zikihesabiwa siku 280, hutarajiwa kujifungua tarehe 7 Machi 2024. Programu iliyosahau kuwa Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 29 itatoa tarehe 8, na jaribio litafeli. Siku moja si hoja kubwa kwa mimba. Kosa la hesabu katika dozi ya mtoto mchanga ni jambo jingine kabisa.

Msimbo ukisharekebishwa, jaribio hufaulu, kisha hubaki katika mradi na kurudiwa kila badiliko linapofanywa. Kosa lile likijitokeza tena, hunaswa kabla ya kufika wodini.

Muuguzi asiyejua kuandika msimbo aandike alichoingiza, jibu alilopata na jibu sahihi; mtaalamu wa TEHAMA atayageuza kuwa jaribio. Taarifa hizo ziwe za kubuni, kamwe zisiwe za mgonjwa halisi, kwa kuwa miradi huria husomwa na yeyote.