Fahamu: Kwa nini riwaya za fantasia huwatia wasiwasi wazazi wa dini

Riwaya ya fantasia ni hadithi ndefu ya ulimwengu wa kubuni wenye uchawi na viumbe wasiokuwapo, na wasiwasi huzuka pale ambapo mzazi anaona kwamba ulimwengu huo unamfundisha mtoto kuidharau imani.

Mfano mkuu

Trilojia ya mwandishi Philip Pullman, iliyotoka Uingereza kati ya 1995 na 2000, inasimulia kuhusu watumishi wa Kanisa la kubuni wanaowateka watoto ili kuwatenganisha na roho zao, ambazo hutembea kando yao kwa umbo la wanyama, na katika kitabu cha tatu anayejiita Mungu ni mzee dhaifu anayekufa. Filamu iliyotokana na trilojia hiyo ilipotoka mwaka 2007, jumuiya moja ya Wakatoliki nchini Marekani iliwahimiza waumini waisusie. Hata hivyo, fantasia yenyewe haipingani na dini, kwani C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za fantasia za Narnia, alikuwa Mkristo aliyeitetea imani yake waziwazi.

Tanzania na Kilema

Mwezi Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, kwa hoja ya maadili, si ya kuikashifu dini. Huko Kilema, mkoani Kilimanjaro, ambako misheni ya Kikatoliki ilianza mwishoni mwa karne ya 19, watoto wamekua na katekisimu pamoja na ngano za mazimwi, kwa hiyo jambo la kupimwa ni msimamo wa kitabu, wala si uchawi uliomo. Mzazi akisome kwanza mwenyewe, kisha azungumze na mwanawe.