Usione haya, wahi hospitali

Dhakari ikisimama zaidi ya saa 4 bila matamanio, tena kwa maumivu, hizo si nguvu za kiume wala si kurogwa. Ni damu iliyokwama. Ikicheleweshwa, nyama ya ndani hufa na uwezo wa tendo la ndoa hupotea. Wenye sikoseli, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, hupatwa zaidi, hata watoto. Baadhi ya dawa pia huisababisha.

Daktari huuliza ilianza lini, hupima damu iliyokwama, huivuta kwa sindano, kisha huingiza dawa ya kubana mishipa.

Ukiwa Kalemela, usisubiri kukuche. Wahi kituo cha afya, na ikibidi uombe rufaa ya Bugando, Mwanza. Mzazi, mweleze mapema kijana wako mwenye sikoseli, asije akanyamaza kwa haya.