Maji ya Ngarambe na Barua ya Lindi

Wapo wasemao kwamba Vita vya Majimaji vilikuwa kazi ya mganga mmoja aliyewadanganya washamba. Maneno hayo waliyapenda sana Wajerumani, nao walikuwa na sababu. Maana mtawala akiisha kulaumu ushirikina wa raia, hana haja tena ya kuitazama dhuluma yake mwenyewe. Sisi hatuyakubali. Wala hatukubaliani na wale wanaoyafanya maji yale kuwa si kitu, kana kwamba watu wetu wangaliinuka vivyo hivyo pasipo imani yo yote.

Na tuyatazame mambo yalivyokuwa. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini. Watu walilima chini ya viboko vya maakida, na huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Malipo yalikuwa haba hata wengine wakakataa kuyapokea. Kodi ya nyumba ilikuwapo tangu 1898. Uchungu ulikuwa umejaa, lakini Mmatumbi alilia kwake na Mngindo kwake. Hassan bin Omari Makunganya alipopigana na Wajerumani huko Kilwa, akanyongwa mwaka 1895, nchi yote haikuinuka pamoja naye.

Ndipo mwaka 1904 akatokea Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe. Ikasemwa kwamba amepagawa na Hongo, pepo wa majini, na kwamba dawa yake itazigeuza risasi kuwa maji. Watu wakamwendea makundi kwa makundi, wenye lugha na koo mbalimbali. Waliokunywa dawa moja wakajiona ndugu. Jambo hili hakuna jumbe wala sultani aliyeliweza kabla yake, na hiyo ndiyo heshima ya Kinjikitile mbele ya taifa hili.

Lakini risasi hazikugeuka maji. Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba kabla ya kupata amri yake. Siku chache baadaye yeye mwenyewe akanyongwa Mohoro. Boma la Liwale likaanguka, misheni za Masasi na Nyangao zikateketezwa. Tarehe 30 Agosti, pale Mahenge, bunduki za rashasha zikawafyeka watu kama majani. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji na vyakula, na njaa ikamaliza waliosazwa na vita. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Mwaka 1908, wakati makaburi yale yangali mabichi, ikaonekana Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka. Iliwaonya Waislamu kwamba kiyama ki karibu, basi watubu na kushika sala. Watu waliofiwa na kufilisika waliipokea kwa machozi, na misikiti ikajaa. Maofisa wa Kijerumani waliposikia wakatetemeka, wakidhani ni Majimaji ya pili. Vita havikutokea. Watu walikuwa wakitafuta faraja, na serikali ikaona maasi. Kumbe miaka minne nyuma, watu walipomiminika Ngarambe, serikali iliona uganga tu. Mara zote mbili ilitazama ibada, isiulize mzigo uliowapeleka watu kwenye ibada.

Hili ni funzo la kwanza, nalo ni la watawala wa kila zama. Watu wanapokimbilia kwa mwonaji, mwenye busara huuliza wamekosa nini. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Aliyewacheka wagonjwa wale hakujifunza neno. Safari yao ilikuwa ushahidi juu ya maradhi yasiyopona na matibabu yasiyofikika.

Funzo la pili ni la viongozi. Imani huwakusanya watu na kuwaondolea woga, lakini haiwezi kuwa badala ya maarifa, maandalizi na ukweli. TANU ilipofika kusini, wapo wazee walioiogopa kwa kuwa waliikumbuka Majimaji. Hawakuwa waoga wazee wale, walikuwa wamezika. Walistahili kuambiwa kweli, nao waliambiwa: safari hii hakuna dawa, ila kadi, mkutano, hoja na subira. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliwataja wapiganaji wa Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 9 Desemba 1961 Uhuru ukapatikana pasipo vita. Umoja ulioanzia Ngarambe ulihifadhiwa. Ahadi ya uongo iliachwa.

Basi yatupasa sisi tulio katika chama kujiuliza kama hatujachota tena maji yale. Kila mgombea anayeahidi barabara, visima na ajira huku akijua kwamba hana njia ya kuvipata, huyo anawanyunyizia watu maji. Nao watakapovunjika moyo, tusiwaite wapotovu wala wachochezi. Tuwaendee Matumbi, Kilwa na Lindi, tukae chini, tusikilize. Pamba ya lazima ya mashamba ya pamoja iliachwa baada ya vita, watu wakiisha kufa. Ingaliweza kuachwa kabla, kama kungalikuwa na mtu wa kuwasikiliza.