Maji yalifika hapa

Ukitaka kujua kina cha mafuriko Tandale, Dar es Salaam, usianze na futi kamba. Anza na shikamoo. Mama aliye kibarazani akichagua mchele atakuitikia marahaba, utamuuliza mwaka ule maji yalifika wapi, na hatakutajia sentimita. Atauweka ungo chini, asimame, aweke kiganja kiunoni. "Hapa, mwanangu. Kwa jirani pale chini, kifuani." Kisha atakuonyesha ukutani mstari wa tope ambao umepakwa chokaa mara mbili na bado unachungulia.

Kiganja kile ni kipimo. Uliza nyumba mia namna hiyo, ukiweka kila jibu mahali pake kwenye ramani, utapata jambo ambalo kituo cha hali ya hewa hakiwezi kukupa. Kituo kitakwambia mvua ilinyesha milimita ngapi. Maji yalipita uchochoro upi, yakarudi nyuma kwenye daraja lipi, anajua aliyehamisha watoto usiku.

Wasomi wanaliita jambo hili sayansi ya wananchi: utafiti ambao sehemu yake hufanywa na watu ambao utafiti si ajira yao. Si geni. Marekani watu wa kawaida wamekuwa wakihesabu ndege kila msimu wa Krismasi tangu 1900, na orodha zao ni hazina kwa watafiti. Ila kuhesabu ndege ukiwa na darubini na chupa ya chai ni starehe. Kupima mafuriko ya nyumbani kwako ni shughuli nyingine.

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipigwa na mvua ambayo wazee walisema hawakumbuki mfano wake. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu wakabaki bila makazi. Miezi michache kabla ya hapo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walikuwa wamezunguka kata hiyo wakiichora njia kwa njia, kwa sababu katika ramani nyingi Tandale ilikuwa doa tupu, kana kwamba hakuna anayeishi pale. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuliwa jijini kwa jina la Ramani Huria, ikibebwa na wanafunzi wa vyuo, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wakazi wenyewe. Walichokichora kiliingia OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, kuisahihisha na kuitumia bure.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, fildi kama wanavyosema wenyewe, anapewa simu na karatasi yenye picha ya mtaa kutoka angani. Anafuata mtaro kuanzia unapoanzia. Upana? Kina? Zege, mawe au udongo? Umeziba? Pembeni yake anatembea mjumbe wa shina, kiongozi wa nyumba chache za jirani, na hapa ndipo kazi inaponoga. Mipaka ya mashina haikuwa imechorwa popote; ilikaa vichwani mwa wajumbe. Shina la fulani linaishia kwenye mwembe, la mwenzake linaanzia nyuma ya mashine ya kusaga. Mwembe ukikatwa, mpaka unabaki kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja.

Data hizo zikiingia kwenye kompyuta, programu kama InaSAFE, iliyoanzia Indonesia, hulaza ramani ya mafuriko juu ya ramani ya majengo na kukisia nyumba ngapi zitaguswa. Mtaalamu wa maafa anajua apeleke mahema wapi. Mpaka hapo kila mtu anapiga makofi.

Mimi sipigi upesi. Desemba ya mwaka uleule wa 2015, nyumba za bonde la mto Msimbazi, jijini humo, zilikuwa zikipakwa alama ya X nyekundu na kubomolewa kwa kuwa zimejengwa mahali hatarishi. Jiweke kwenye kibaraza cha mtu wa bondeni. Anakuja kijana mpole, ana simu, anauliza maji yalifika wapi. Ukimjibu kweli, umesaidia sayansi. Umejishitaki pia? Ramani huria haichagui msomaji: anaisoma mwokoaji, anaisoma dalali wa viwanja, anaisoma mwenye kopo la rangi. Wataalamu huuliza sana kama data za wananchi ni sahihi. Ni swali halali, lakini mwananchi naye ana lake, zinakwenda wapi, na si mara nyingi anajibiwa.

Linganisha na kaskazini mwa Kenya. Januari 2016 mamia ya watu, wakiwamo askari wa wanyamapori, wafugaji, wanafunzi na watalii, walitawanyika Samburu, Laikipia na kwingineko kwa siku mbili wakipiga picha pundamilia wa Grevy, tena ubavu wa kulia tu. Sababu ni kwamba michirizi ya kila mnyama ni yake peke yake kama alama za vidole, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Kompyuta ilizisoma picha hizo. Ukiwaona 100 leo, kesho ukawaona 100 na kati yao 50 ni wa jana, unakisia wote ni kama 200. Kwa hesabu ya aina hiyo walipatikana 2,350, na mwaka 2018 wakawa 2,812. Bila wapiga picha wengi kiasi kile, hakuna chuo kikuu ambacho kingeweza kufika kote kwa siku mbili.

Inapendeza, na ni rahisi kuipenda. Pundamilia hana nyumba ya kubomolewa. Mfugaji wa Kisamburu anayeripoti alipomwona mnyama anajua atakachokipata: malisho na visima vinavyomhusu mnyama yule vinamhusu yeye na ng'ombe wake. Mpimaji na mpimwaji hawagombani.

Tandale, ramani zilizochapishwa zilirudishwa mitaani, na hilo nawasifu. Watu huinamia karatasi, wanatafuta msikiti, kisha bomba, kisha paa lao. Wanakosoa papo hapo: hii njia imezibwa, huyu alishahama. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na mchanga hauna. Mtaro uliopimwa kina cha mita moja wakati wa kiangazi unaweza kuwa nusu yake baada ya masika moja, umejaa chupa na godoro la mtu, huku kwenye kompyuta bado ni mita moja, safi kabisa. Vijana wa fildi wamehitimu na kuondoka. Mjumbe yupo, ila simu ya mradi ilirudishwa.

Mama wa kibarazani naye yupo. Mawingu yakikusanyika upande wa Pugu, anaanza kupandisha magunia juu ya kitanda bila kuuliza ramani, na safari hii ameongeza matofali mawili chini ya miguu ya kitanda.