Mti Mla Watu wa Madagaska Hauwezekani

Mwaka 1874 gazeti la New York World la Marekani lilichapisha habari za mti wa Madagaska uliokula watu. Shina lake, ilidaiwa, lilikuwa kama nanasi kubwa, na majani yake manane yalimfumbata mwanamke aliyetolewa kafara na kabila la Wamkodo. Msimulizi alitajwa kuwa Mjerumani, Karl Leche. Leche hakuwahi kuishi, wala kabila hilo, vyote vilitungwa. Hata hivyo, mwaka 1924 Chase Osborn, gavana wa zamani wa Michigan, aliutumia mti huo kukipamba kichwa cha kitabu chake. Wanaoupinga husema tu kwamba haujaonekana. Hoja hiyo ni dhaifu, maana misitu huficha mengi. Jibu lenye uzito limo katika ulaji wenyewe.

Mmea mla wadudu haunasi mdudu ili ushibe. Nguvu huzipata kwenye jua, kama mchicha. Kwa nzi unafuata nitrojeni na fosforasi, ambazo ni haba katika ardhi yake ya kinamasi au kichanga. Kiasi kidogo tu kinatosha, na windo dogo humeng'enywa kwa siku chache. Windo kubwa huoza kwanza. Mmea maarufu wa Carolina unaofumba jani lake kama mtego unalithibitisha hilo: mdudu akiwa mkubwa mno hata jani lisifumbe sawasawa, ukungu huingia, jani likawa jeusi na kufa. Sasa pima mzoga wa mtu mzima.

Atakayebisha atautaja mmea wa mitungi Nepenthes rajah wa Borneo, ambao mtungi wake hubeba zaidi ya lita 2 za majimaji na umewahi kukutwa na panya waliozama. Ni kweli, lakini hizo ni ajali za nadra. Kwa kawaida mtungi huo hunasa wadudu, na mnyama mdogo mithili ya kindi huja kulamba utomvu wa kifuniko akiwa amekaa ukingoni, kisha huacha kinyesi ndani. Nitrojeni hiyo huja bila mapambano wala mzoga wa kuoza. Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote: mmea wenye mtungi mkubwa kiasi hicho umenufaika na choo cha mgeni aliye hai.

Madagaska nayo ina mmea wa mitungi wa kweli, Nepenthes madagascariensis, ambao Mfaransa Étienne de Flacourt aliuandika mwaka 1658. Hula wadudu.