Kuwazuia Bweha na Fisi Pasipo Dhulma



Leo tutazungumza jambo linalowahusu wafugaji wa Bariadi, Itilima na Meatu: bweha au fisi anapochukua mbuzi usiku, je, ni halali kumtegea nyama yenye sumu?

Kulinda mali ni haki ya Muislamu; Sheria haikumtaka akae kimya huku mifugo yake ikiliwa. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, katika mlango wa kumzuia mshambuliaji, ambao wanafunzi wetu huusoma katika Minhaji ya Imam Nawawi, wameweka daraja: huanzwa na lililo jepesi. Mnyama akiondoka kwa ukelele, haifai kumpiga. Akiondoka kwa fimbo, haifai kumuua. Na pale kuua kunapolazimika, Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aus, ametuamrisha tuue kwa wema, yaani bila ya kutesa.

Sasa iangalieni sumu. Dawa ya wadudu wa pamba ikipakwa kwenye mzoga haimjui mkosaji. Tai hushuka kwa wingi wakafa pamoja, nao ndio wanaotusafishia mizoga. Mbwa wa jirani hula. Hata bweha masikio, yule mdogo ambaye chakula chake hasa ni mchwa, huangamia bila ya kosa. Mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa paka mmoja tu aliyemfungia hata akafa kwa njaa; seuze mwenye kuua kundi zima? Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo imekataza kuwinda kwa sumu.

Kinga yenyewe iko zizini: boma la miiba lililo nene na refu, mlango uliofungwa kabla ya Magharibi, vitoto vya mbuzi vilivyolazwa ndani, na mizoga iliyofukiwa mbali. Sioni haya kusema kwamba mara nyingi tunamlaani bweha kwa mlango tuliouacha wazi sisi wenyewe.

Mbwa nao wachanjwe, kwani kichaa cha mbwa huambukizana baina ya mbwa na bweha, kisha humfikia mtu. Bweha anayekuja mchana bila ya kuogopa watu asikaribiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Asingoje dalili, kwa kuwa zikishatokea hakuna tiba.

Hasara ikizidi, apewe habari mtendaji wa kijiji, naye amwite afisa wanyamapori wa wilaya. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mifugo iliyouawa na baadhi ya wanyama wakali.

Na aliyekwisha kutega nyama yenye sumu, atoke leo baada ya sala akaifukie chini sana, kabla tai hawajashuka. Ikiwa mnyama wa jirani amekwisha kuila akafa, amwendee mwenyewe, akiri, na amlipe thamani yake.